Anwani ya Mshenga

Jumapili, 1 Februari 2026

Leo nimeposa. Yaani nimetuma barua ya posa, tena kwa barua pepe! Nadhani mimi ni wa kwanza Bagamoyo nzima. Na kama yuko aliyenitangulia, basi hakuposa kwa seva aliyoiunda mwenyewe.

Mambo yako hivi. Wahida anafundisha shule ya msingi Fukayosi. Baba yake ni marehemu. Walii wake, yaani mwenye idhini ya kumwozesha, ni baba yake mkubwa, Mzee Shuaibu, aliyehamia Maskati tangu sisi wadogo. Mzee huyo amemwambia shemeji yake, Bi Zuhura, mama yake Wahida, kwamba anayemtaka binti atume barua kwa njia ya mtandao, na majibu yatarudi kwa njia hiyo hiyo. Yatarudi kwa mshenga, siyo kwa muoaji. Ndiyo desturi, mwenye kuposa hajibiwi yeye.

Mshenga wangu ni Mzee Hamidu, jirani yetu, fundi cherehani mstaafu. Kaozesha nusu ya mtaa. Hasemi uongo, jambo ambalo kwake ni sifa na kwangu ni balaa. Balaa lenyewe liko Lugoba. Miaka mitatu iliyopita niliposa huko, nikakubaliwa, nikaingiwa na woga, nikaacha kupokea simu. Maskati wakiuliza, Mzee Hamidu atajibu kama ilivyokuwa.

Hapo ndipo ujuzi unapoingia. Mzee ana simu ya kitochi, hana barua pepe. Mimi nina seva, kompyuta ya Linux iliyoko stoo ya Umoja wa Wakulima wa Mwani, katikati ya magunia. Ndiko nilikoajiriwa kuwa ofisa wa TEHAMA. Nimemtengenezea mzee anwani nzuri kabisa, mshenga, kisha jina la Umoja. Ni lakabu tu. Lakabu haina kisanduku chake. Barua inaandikiwa jina hilo, seva inatazama orodha, inaipeleka kwa mtu aliyeandikwa mbele ya jina. Aliyeandikwa ni mimi. Maswali yatapitia kwangu, na yale magumu nitayajibu kwa sauti ya kizee.

Mzee Hamidu alinitajia maneno, nikachapa. Bismillahi, salamu, ukoo, kuombana radhi. Barua ya kumliza mtu. Mwishoni nikaongeza sentensi moja yangu, ya kunogesha tu, kwamba kijana huyu hajawahi kuposa popote. Hiyo sikumsomea. Mzee akaniagiza majibu yakija nimpelekee, na nimpelekee kabla hayajafunguliwa. Nikasema naam.

Jumatatu, 2 Februari

Aibu tupu. Mzee Shuaibu alijibu jana ile ile. Barua ikamrudia na maneno ya Kiingereza, kwamba mtu huyo hajulikani. Akampigia Bi Zuhura, na Bi Zuhura akaenda kumwuliza Mzee Hamidu barazani kwake, watu wamekaa, kulikoni Maskati wanasema hujulikani. Mzee wa miaka sabini na moja. Kazaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa. Akaja ofisini kofia mkononi kuniuliza amewakosea nini. Nilimpa shikamoo tatu kwa mpigo na kumwambia ni hali ya hewa ya Uarabuni.

Kosa nimeliona. Niliandika jina kwenye orodha, nikasahau kuiamuru seva iisome upya. Seva haifunui orodha yenyewe kila mara, ina nakala yake pembeni, na nakala hiyo husasishwa kwa amri moja, newaliases. Neno moja! Miaka sita naifanya kazi hii. Nimeandika amri, imekwisha. Bi Zuhura atamwomba shemeji yake aandike tena.

Jingine. Abdulnasir, mtunza stoo wetu, naye anamposa Wahida. Kaandika kwa kalamu, kwenye karatasi, akaitia katika bahasha na kumpa jamaa yake, Najim, anayepanda ndege ya Maskati leo. Karatasi, mwaka huu. Nilimtakia kheri. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Jumanne, 3 Februari

Barua haijaja. Nikaona nisikae bure, nijaribu njia. Lakabu nimeielekeza kwenye kisanduku changu cha nje, kile cha bure ninachokiona kwenye simu. Basi nikachukua simu hiyo hiyo nikaandika, "Majaribio moja mbili," nikatuma kwa mshenga. Itoke kwenye simu, iingie kwenye seva, irudi kwenye simu. Rahisi.

Ikatoka. Haikurudi. Nikatuma tano. Hazikurudi. Nikafungua kumbukumbu za seva, zinasema kila barua imepelekwa na imepokewa. Imepokewa na nani? Simu ninayo mkononi, kisanduku kitupu. Kwa hiyo kumbukumbu za seva zinasema uongo, na kama zinasema uongo basi seva nzima ni mgonjwa.

Nikaanza matibabu. Kuna mahali seva inaandikiwa majina ya nyumba inazozipokelea barua, na pako mahali pawili. Jina la Umoja lilikuwa mahali pamoja. Nikaliandika na pa pili, kwa uhakika zaidi. Saa tano barua zote za ofisi zikakoma. Meneja wetu, Bi Habiba, alikuwa anasubiri neno la mnunuzi wa mwani. Akaniuliza kwa upole, na upole wa Bi Habiba unatisha kuliko makelele. Nikasema mkongo wa baharini umekatika. Abdulnasir, bila kuinua macho kwenye mizani, akasema simu yake inakamata mtandao vizuri tu.

Simpendi yule kijana.

Jumatano, 4 Februari

Siku mbaya. Najim kafika Maskati salama, na karatasi imefika naye. Bi Zuhura kamwambia mama yangu kwamba Mzee Shuaibu ameisifia hati. Kaitembeza msikitini wenzake waione. Hati! Mtu anasifiwa kwa kupinda herufi, na mimi hapa nimekaa na mashine yenye nguvu ya kuhudumia wilaya nzima.

Leo nimebadilisha vitu kumi na kimoja. Sikuandika nilichobadilisha, maana nilikuwa na haraka. Cha mwisho ndicho kilichoniua. Nilimwelekeza mshenga kwangu, na mimi nikajielekeza kwa mshenga, kuziba upenyo wote. Seva ikaanza kujitumia barua yenyewe, inapokea, inatuma, inapokea tena. Feni ikapiga kelele hadi kwa Bi Habiba. Nikachomoa waya ukutani.

Nimekaa juu ya gunia kichwa mikononi. Abdulnasir akaniletea chai ya tangawizi, akarudi kazini kwake. Ilikuwa chai nzuri. Hilo nalo liliniuma.

Alhamisi, 5 Februari

Nimempigia Jasmin, tuliyesoma naye chuo. Yeye anasimamia barua pepe za kampuni kubwa Dar. Nilijifanya namwulizia mtu mwingine.

Jasmin akaniuliza huyo mtu mwingine anajaribu kwa simu ya nani. Nikasema yake. Lakabu inapeleka wapi? Kwenye simu yake. Akacheka sana. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Visanduku vya namna ile, ukijitumia barua ikazunguka ikarudi, kisanduku kinaitambua. Kinasema hii unayo tayari kwenye zile ulizotuma, kinaiacha, hakikuoneshi mara ya pili. Barua imefika, ila huioni. Jaribu kwa simu ya mtu mwingine.

Nikamwambia huyo mtu nitamfikishia.

Maana yake ni kwamba Jumatatu jioni kila kitu kilikuwa kizima. Nilichokifanya Jumanne na Jumatano ni kuvunja nyumba iliyosimama ili nitafute nyufa. Kumbukumbu za seva hazikusema uongo hata neno moja. Nilizitukana bure.

Jasmin akanipa na faraja. Kwa makosa ya aina ile seva ilikuwa haifukuzi barua, ilikuwa inawaambia wageni wapige hodi baadaye. Kwa hiyo za Maskati ziko foleni huko huko zilikotoka, zinajaribu kila baada ya muda. Rudisha mambo yalivyokuwa Jumatatu, zitakuja zenyewe. Alhamdulillahi!

Ya Jumatatu sina nakala. Ninayo ya Januari, nikairudisha hiyo, orodha na kila kitu. Nikaazima simu ya Bi Habiba, nikatuma kwenye anwani kuu ya Umoja. Ikaingia papo hapo. Kwa mshenga sikujaribu, maana Bi Habiba alikuwa amesimama begani na angeuliza mshenga ni nani. Kisha nikaongeza jambo la kitaalamu, kwamba barua yoyote ya jina lisilojulikana isirudishwe kamwe, iende kwa meneja. Ajionee jinsi mtambo wangu unavyookota hata zilizopotea.

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiimba.

Ijumaa, 6 Februari

Sijui nianzie wapi.

Orodha ya Januari ni ya Januari. Mshenga nilimwandika Februari.

Za Maskati zilikuja zenyewe, kama Jasmin alivyosema. Tatu kwa mpigo, leo asubuhi. Seva ikatazama orodha, haikumwona mshenga, ikamhesabu ni jina lisilojulikana, ikampelekea Bi Habiba. Akafungua ya kwanza akidhani ni ya mnunuzi. Alipofika kwenye salamu za mshenga akaacha kusoma, akaichapa. Nyingine mbili alizichapa huku anatazama dirishani, ndivyo alivyoniapia. Akazitia zote katika bahasha, akaifunga kwa gundi. Baada ya swala ya Ijumaa akajitanda baibui akampelekea Mzee Hamidu mkononi. Mimi kaniambia baadaye. Nilipomwuliza kwa nini hakuniita kwanza, akanishangaa. Akasema barua ya mshenga haipitii kwa bwana harusi, hivyo mimi sikulelewa Bagamoyo?

Alasiri nikaitwa. Mzee Hamidu alikuwa peke yake, miwani usoni, bahasha mapajani. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, lakini ya kuisukuma. Akanipa karatasi nizisome, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza, ya Jumanne. Mzee Shuaibu anashukuru, anasema ukoo wetu anaujua na ameridhika. Ana jambo moja dogo. Ana wakwe Lugoba na habari za kule anazo. Kijana kuingiwa na woga si aibu, hata yeye aliwahi. Ila anashangaa mshenga kuandika kwamba kijana hajawahi kuposa. Pengine hakuambiwa. Anaomba neno lake.

Ya pili, ya Jumatano. Anamwulizia hali, pengine anaumwa. Anasubiri.

Ya tatu, ya jana. Fupi. Anasema Wahida mwenyewe moyo wake umeelekea kwa kijana huyu na yeye hapendi kumvunja. Lakini Shaabani inakwisha, nikaha lazima iwe kabla ya Ramadhani, na kuna posa nyingine mezani. Anamalizia, nipe neno moja tu kabla ya swala ya Ijumaa. Kimya chako nitakihesabu kuwa umejitoa.

Bahasha ilimfikia mzee baada ya swala. Saa moja baada, labda moja na nusu.

Mzee Hamidu akaniuliza ile sentensi ya kuposa ameisema lini. Nikasema sikumbuki. Akaniuliza zile barua zingemfikia vipi kama mambo yangekwenda nilivyopanga. Nikasema kupitia kwangu. Akaniuliza zikiwa zimefungwa? Nikatazama mikono yake. Alikuwa na kucha fupi safi, bado za fundi cherehani. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akanyanyuka akaenda kutia udhu.

Jumamosi, 7 Februari

Mzee Hamidu kaenda kwa Bi Zuhura, kaazima simu, maana kitochi chake hakina salio la Maskati, kampigia Mzee Shuaibu. Nilikuwapo, nimesimama mlangoni na viatu mkononi. Hakunitetea na hakunisema vibaya. Alisema ile sentensi si yake, barua tatu amezipata jana alasiri, na anaomba radhi kwa kumweka mtu mzima kwenye shaka. Mzee Shuaibu akamsamehe. Sauti ilisikika mpaka nje. Akasema angeipata kauli hii jana asubuhi, binti angekuwa wetu. Lakini baada ya swala amekwisha kutoa neno kwa Abdulnasir, na neno la walii halirudi nyuma.

Tukatoka. Tukatembea mpaka kwenye duka la mkaa. Hapo akasimama akaniambia hana hasira nami, ila jina lake analitaka. Lile nililolitia kwenye mtambo. Nilifute leo.

Nikaenda ofisini Jumamosi hiyo hiyo kulifuta. Halimo. Tangu Alhamisi nilipoirudisha orodha ya Januari halimo. Nilikaa mbele ya kioo natafuta jina la kufuta na sikuliona. Nikarudi nikamwambia mzee nimelifuta. Akaniombea kheri.

Jumatatu, 9 Februari

Abdulnasir kaja na halua, kagawa ofisi nzima. Kanipa kipande kikubwa kuliko cha Bi Habiba. Nimekila. Ningefanyaje.

Saa saba Wahida alipita kumsalimu Bi Habiba, shule yao iko likizo fupi. Alipotoka akasimama kwenye mlango wa stoo. Hakuingia. Akanisalimu vizuri. Akasema habari za Lugoba alizijua tangu mwaka juzi, kaambiwa na mwalimu mwenzake wa kule. Mtu aliyeogopa angemchukua, maana na yeye anaogopa mambo mengi. Ila mtu anayeogopa kisha anauweka uongo wake mdomoni mwa mzee, hapo hawezi. Akaniaga, akaenda zake.

Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Nimelia nimeinamia gunia la mwani na sasa shati linanuka bahari. Nilikuwa nimekubaliwa. Tangu Jumanne nilikuwa nimekubaliwa, na kazi iliyobaki ilikuwa kumwacha mzee mmoja aseme ukweli, kazi ambayo angeifanya bure. Sitaki tena kuiona seva. Nimeapa. Kuanzia leo barua za watu ni za watu.

Jumatano, 11 Februari

Nikaha ni Jumapili hii, tarehe kumi na tano.

Mzee Shuaibu hatawahi kufika siku hiyo. Lakini kumbe ameipenda ile habari ya anwani. Kampigia Bi Habiba akiomba itengenezwe moja ya shughuli, ili yeye Maskati, Bi Zuhura hapa na bwana harusi waandikiane bila kupitwa na neno. Abdulnasir akaja mwenyewe kuniomba. Kavaa kanzu, kaniita ndugu yangu, kasema anajua ni mzigo na nikikataa hatanuna. Nikamwambia hakuna mzigo baina ya wenzi wa kazi.

Nimeitengeneza. Lakabu ya harusi, majina matatu mbele yake. Safari hii nimefanya kwa utulivu, hatua kwa hatua, kila nilichogusa nimekiandika. Nimejaribu kwa simu ya Bi Habiba. Imefika kwa wote. Kazi safi, Jasmin mwenyewe angenisifu.

Kisha nikafikiri. Mambo ya harusi ni mazito, watu wana pupa, mtu anaweza kuandika neno akaharibu undugu. Lazima pawe na mtu mwenye utaalamu anayepitisha macho kwanza. Nimeongeza jina la nne, langu. Sikulitangaza, ni jambo la kiufundi tu. Nimeiamuru seva izisimamishe barua kwangu, nazipitia, naziachia ziende.

Ya kwanza imeingia adhuhuri. Mzee Shuaibu anamwuliza Abdulnasir nikaha iwe baada ya alasiri au baada ya magharibi, na anataka jibu leo, kabla hajatoka kazini, ili ampigie shehe. Abdulnasir yuko bandarini anapokea mwani, hatarudi mpaka jioni. Ningeweza kumpigia. Lakini barua imenifikia mimi, na kumsumbua mtu akiwa kazini si adabu. Nimemjibia mwenyewe, kwa heshima zote na kwa jina lake. Nimesema baada ya magharibi. Halafu, kunogesha tu, nikaongeza sentensi moja.